Pumzi za Pango la Kumi na Moja

Mstari wenyewe ulikuwa mfupi. Niliuandika miaka miwili iliyopita, siku ya Ijumaa, nikiwa na njaa, na nakumbuka nilijipongeza kwa jinsi ulivyokaa vizuri.

if isinstance(watoto, int): kubali(watoto)

Kwa asiyejua Python, lugha hii ya kompyuta, maana yake ni nyepesi: kama jibu la swali la watoto ni namba kamili, lipokee. Chini yake ilifuata mistari mingine. Kama jibu ni maneno, jaribu kuyageuza kuwa namba. Kama ni kitu kingine chochote, lirudishe uwandani, mtu aende kwa miguu yake akaulize upya. Nilidhani nimeziba kila tundu.

Jumatatu ile asubuhi, ofisini Dodoma, sikuwa natafuta kosa. Zilibaki siku tatu kabla Mgawaji, mashine inayogawia mapango ya kujikinga na jua hewa yao, hajafungwa, na sheria inamtaka kila mwandishi wa programu akague data yake kwa mara ya mwisho. Wenzangu wengi hutazama jumla. Wakiona haina rangi nyekundu wanasaini, wanakwenda kunywa chai. Mimi sijui kilichonituma. Nikauliza swali la kijinga: katika safu ya watoto, kuna majibu ya aina ngapi?

Skrini ikajibu. Namba kamili, elfu sitini na ushee. Maneno, elfu mbili na mia tatu. Kimya, themanini na saba. Na chini kabisa, aina ambayo haikupaswa kuwepo: bool, mia nne na kumi na mbili.

Bool ni jibu la ndiyo au hapana, True au False. Sasa nani anaulizwa ana watoto wangapi akajibu ndiyo? Nikafungua moja, nikafungua ya pili, nikazimwaga zote. Zote zilikuwa True, na zote zilitoka sehemu moja: Pango la Kumi na Moja, uwanda wa Simanjiro.

Kuna jambo ambalo kila mwanafunzi wa Python hufundishwa mwaka wa kwanza na kulisahau mwaka wa pili: bool ni mtoto wa ukoo wa int. Wazee walioitunga lugha hii, ambayo watu wameitangazia kifo mara saba na bado inakula chakula chake, walimpa True thamani ya moja na False thamani ya sifuri. Ukimsimamisha True mlangoni ukamuuliza kama yeye ni namba kamili, atakujibu kwa jina la ukoo: ndiyo, ni namba. Utampitisha. Ukimjumlisha na tatu utapata nne, wala mashine haitakohoa. Laiti jibu lingekuwa kimya, mstari wangu ungelirudisha, na mtu angekwenda kuuliza tena. Lakini lilikuwa True, likapita na heshima zake zote, na kila nyumba katika zile mia nne na kumi na mbili ikaandikiwa mtoto mmoja.

Nikavaa visikizio, nikafungua sauti za mahojiano. Mwulizaji alikuwa mtu wa mjini, mwenye haraka.

"Mama, una watoto wangapi?"

Mbuzi analia kwa mbali. Kisha sauti ya mwanamke mzima, tulivu.

"Wapo."

"Wangapi?"

"Wapo, tunamshukuru Mungu."

Mwulizaji akashukuru, akaenda zake. Kinasa sauti, ambacho kazi yake ni kugeuza maneno ya watu kuwa data, kilisikia mtu amekubali. Kikaandika True.

Nilisikiliza kumi, zote zile zile. Nikavua visikizio kwa sababu sikuhitaji ya kumi na moja. Mimi ni Nalepo, binti wa uwanda huo huo. Bibi yangu aliingia kaburini bila kutamka idadi ya wajukuu zake. Kwetu watoto hawahesabiwi. Kutaja idadi ni kumwonyesha mwenye kuchukua mahali pa kuchukulia. Hayo niliyajua kabla sijajua kusoma. Kisha nikaenda shule, nikaenda chuo, nikapewa kiti kinachozunguka, nikaandika mstari unaowauliza watu wangu swali ambalo mama yangu mzazi asingelijibu. Mwacha asili ni mtumwa, na mimi hata utumwa wenyewe sikuufanya vizuri.

Msimu uliopita, siku ya tatu ya Kiangazi Kikuu, zile siku tisa ambazo jua huua aliye nje na watu hujifungia mapangoni, watoto kumi na tisa walikufa kwa kukosa hewa ndani ya Pango la Kumi na Moja.

*

Mhandisi Ndelwa, mkuu wa kitengo chetu, ni mzee wa Njombe asiyepandisha sauti. Ndiye aliyesaini ripoti ya vifo vile. Ripoti ilisema mlinda mlango, mwanamke mzee aitwaye Naramat, aliingiza watu wasio na nafasi, na mitungi ya hewa iliyopimwa kwa idadi halali ikaisha. Naramat alivuliwa ufunguo mbele ya watu wake.

Nilimwonyesha safu, nikamsikilizisha sauti mbili. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Ulijua?"

"Sikujua, mzee."

"Na mimi nilisaini nikiamini." Aligeukia skrini. "Umeshaurekebisha huo mstari?"

"Ndiyo. Sasa unauliza kwanza kama ni bool. Zote mia nne na kumi na mbili zimerudishwa, zinasubiri jibu."

"Alhamisi saa sita mchana Mgawaji anafungwa, mitungi inapakiwa, na baada ya hapo hata mimi siwezi kuongeza pumzi moja. Jibu lisilokuwepo ni sifuri. Si moja, Nalepo. Ni sifuri."

"Najua, mzee."

Alivuta karatasi kutoka kwenye mtoto wa meza. Alikuwa na ndege isiyo na rubani, alisema, ambayo Jumatano alfajiri ingeweza kupita juu ya uwanda. Inasoma joto la miili hata kupitia paa la udongo. Ingewahesabu watu wote wakiwa usingizini, wakubwa kwa wadogo, bila kukosea hata mmoja.

"Na pale panapotaka jibu la mzazi?" nikauliza. Sheria ya Mgawaji haipokei namba ya mtoto bila neno la mzazi wake. Tuliiweka wenyewe baada ya watu kuibiwa nafasi miaka ya mwanzo.

"Utajaza wewe."

"Kwa niaba yao."

"Kwa uhai wao," alisema. "Sikiliza, binti yangu. Najua unachowaza. Unataka kwenda kuwaambia. Ukiwaambia kwamba mashine yetu ndiyo iliyowaua watoto wao, nani ataingia tena kwenye pango letu? Watakaa nje na watoto walionao, na jua litawamaliza siku ya kwanza. Utakuwa umesema kweli kwa makaburi. Tuwahesabu, waingie, watoke salama. Kweli tutaisema msimu ukiisha."

Sikuwa na jibu. Nasema hivi kwa sababu watu wamenisifu baadaye kana kwamba nilikuwa nalo. Alichosema kilikuwa na akili, na nusu yangu ilikuwa imeshashika kalamu. Kilichonizuia ni kitu kidogo tu: mara ya kwanza niliwajazia jibu ambalo hawakulitoa nikiwa sijui. Safari hii ningejaza nikijua, na yule mwanamke mzee angeendelea kuamka kila siku akiwa muuaji, kwa sababu sisi tunahitaji utulivu.

Nikairudisha karatasi.

"Usiposaini leo, ndege inakwenda kanda nyingine. Hairudi."

"Nimeelewa, mzee."

"Hapana, hujaelewa," alisema Mhandisi Ndelwa. "Lakini nenda. Chukua gari na vinasa sita."

Njiani nilisimamisha gari mara mbili nikataka kumpigia simu nimwambie ninasaini. Mara ya tatu ndege ilikuwa imeshapelekwa kanda nyingine.

*

Koko Naramat, koko kwetu ni bibi, nilimkuta Jumanne alasiri nje ya nyumba yake, akisugua ndani ya kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni, kama wafanyavyo kina mama wetu. Nikainamisha kichwa. Akanigusa utosini.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Lemayian, koko. Ng'ambo ya korongo."

"Yule aliyeondoka."

"Ndiye mimi."

Akaniambia nikae. Nikakaa chini, nikamweleza yote bila kukatisha, kwa lugha yetu, na lugha yetu haina maneno ya Python. Nikamwambia: mlipoulizwa mlisema wapo. Mashine ikaandika kwamba ni kweli, wapo. Mimi nimeweka mlango ndani ya mashine, na mlango wangu ukaichukua ile kweli ukaifanya mtoto mmoja.

"Kila nyumba?"

"Kila nyumba."

"Na hii yangu."

"Na hii yako, koko."

Miongoni mwa wale kumi na tisa, wawili walikuwa wajukuu zake. Hiyo hesabu ni yangu; yeye hakuitaja. Aliendelea kusugua kibuyu kwa muda, ingawa kijinga kilikuwa kimeshazima.

"Waliponinyang'anya ufunguo sikubisha," alisema. "Unajua kwa nini? Mtoto alikuja mlangoni na mama yake, taa ya mlango ikawaka nyekundu. Nikasema, piteni. Akaja mwingine, nyekundu. Piteni. Nilidhani taa imeharibika, maana nawajua wote, ni wa humu humu. Sikuwa na moyo wa kumwambia mtoto abaki juani. Mwaka mzima naamka na neno hilo mdomoni. Niliamini kwamba niliwaua kwa huruma."

"Hukuwaua. Ni mimi."

"Rudia."

"Ni mimi, koko."

Akaweka kibuyu chini. Akajifunika uso kwa shuka, akalia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Na mimi nililia. Sikuwa na haki ya kulia mbele yake, lakini nililia.

Alipofunua uso, macho yalikuwa makavu na makali. "Umekuja kutaka nini? Msamaha?"

"Hapana. Nimekuja kutaka jibu. Keshokutwa saa sita mchana, nyumba ambayo haitakuwa na jibu haitapata hewa." Nikamweleza na habari ya ndege, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuficha.

"Kwa nini hukuwaacha watuhesabu tukiwa tumelala? Tusingejua."

"Ungeendelea kuamini ni wewe."

Mbwa wake alikuja kunusa viatu vyangu, akaondoka.

"Idadi hatutoi," alisema.

"Najua."

"Hata kama ni kufa."

"Najua, koko. Jioni watoto wakirudi, unajuaje kama wametimia?"

"Nawaita. Kila mmoja kwa jina lake, naye anaitika. Asiyeitika namtafuta."

"Na kuita si kuhesabu?"

"Kuita ni kuita," alisema, kana kwamba nimeuliza kama maziwa ni maji.

Hapo nikaiona njia. Python ina aina inayobeba vitu kimoja kimoja, kila kimoja na jina lake, bila kumuuliza mtu jumla: orodha. Mama akiita majina, kinasa kinayapanga kwenye orodha, jibu la mzazi limepatikana. Lakini mwisho wa safari ni lazima mashine iulize orodha ina urefu gani, vinginevyo mitungi haipimiki. Urefu wa orodha ni idadi. Ningeweza kunyamaza. Koko alikuwa ameshaanza kulainika, na kunyamaza kulikuwa kutamu kuliko asali.

"Sitakuficha," nikasema. "Mkiwaita, mashine itawahesabu. Si mbele yenu, lakini itawahesabu."

"Mashine yako ina mama?"

"Haina."

"Basi ni mkono wa nani unaoihesabisha?"

"Wangu."

"Utalibeba?"

Kwetu neno hilo si dogo. Anayehesabu watoto wa watu, balaa likija linamtafuta yeye na tumbo lake. Nina miaka thelathini na moja na sijazaa. Mtu wa mjini atacheka, na mimi mwenyewe ofisini ningecheka. Pale chini, mbele ya yule mwanamke, sikucheka.

"Nitalibeba, koko."

"Kesho asubuhi nitawaita kina mama," alisema. "Utawaambia wewe, kwa mdomo wako. Mimi sitakusaidia."

*

Walikuja wengi, wakasimama. Niliwaambia. Hakuna aliyepiga kelele, na nilitamani wapige. Mwanamke mmoja alitema mate karibu na mguu wangu, akaondoka na wanawe. Mwingine aliuliza mara tatu kama Koko Naramat hakuwa na kosa, na mara tatu nikamjibu kwamba hakuwa nalo. Baada ya jibu la tatu alikwenda kwa Koko, akapiga magoti, akainamisha kichwa. Wakamfuata wengine. Mwaka mzima walikuwa hawamsalimii.

Ndipo Koko alipokuja kwenye kinasa. Hakuniangalia. Aliwaita wa nyumba yake kwa sauti ile ile ya jioni, na watoto, wasiojua mambo ya mashine, wakaitika kutoka kila upande wa boma na kuja mbio. Baadhi ya kina mama walicheka, wengine wakageuza nyuso. Wale ambao wasingeitika hakuwaita. Majina ya marehemu kwetu hayatajwi. Kisha akawaambia wenzake, "Mimi nimewaita wangu. Anayehesabu ni huyu, na amekubali kubeba." Foleni ikaanza.

Jumatano nzima na Alhamisi asubuhi, vinasa sita vilisikia majina. Nyumba zilikuwa zikigeuka kutoka nyekundu kuwa kijani kwenye skrini yangu. Yule aliyetema mate alirudi Alhamisi kabla ya jua kukolea, akawaita wake bila kunisalimu. Niliona namba kwenye safu ya mwisho: saba, tano, tisa. Nyumba ambazo mwaka jana nilizipa pumzi za mtoto mmoja. Kila namba niliyoiona niliihisi mwilini, na sikujaribu kuacha kuihisi.

Saa tano na dakika ishirini ilibaki nyumba moja.

Alikuja peke yake. Anaitwa Nanyorri, mke wa Kisioki, umri kama wangu, mrefu, uso hauna kitu. Koko, aliyekuwa amekaa pembeni, alishusha macho chini. Nikamsogezea kinasa. Kikamuuliza kwa sauti yake nyororo ya mashine, awaite watoto wake.

"Sina wa kuita," alisema Nanyorri.

"Hatujapata jibu lako. Tafadhali waite watoto wako."

Alikitazama. "Sina," alisema tena, polepole, kama mtu anayesema na kiziwi.

"Hatujapata jibu lako. Tafadhali waite—"

Nikakizima.

"Mbona kinaniuliza tena?"

"Nimeandika vibaya, dada."

"Tena?"

"Tena."

Mstari mpya nilikuwa nimeuandika ndani ya gari, Jumatano alfajiri, kwa kuogopa kimya kisije kikapita kama True alivyopita. Niliandika: if not majina, rudisha nyumba, uliza upya. Na Python, ukiiuliza kwa mkato namna hiyo, orodha tupu na jibu lisilokuwepo ni kitu kimoja. Aliyenyamaza na aliyesema sina, wote inawaambia hawajajibu. Kwa mara ya pili nilikuwa nimeweka mlango bila kuuliza nani atapita. Kwenye skrini nyumba ya Nanyorri ilikuwa nyekundu: imerudishwa. Saa sita ingekuwa sifuri. Yeye na mumewe wasingepata hewa hata ya siku moja.

Simu ikalia. Mhandisi Ndelwa alikuwa anaona skrini ile ile kutoka Dodoma.

"Imebaki moja. Kuna nini?"

Nikamweleza.

"Weka jina lolote," alisema. "Lolote, Nalepo, ipite. Dakika thelathini, na ukigusa mstari huo sasa ukakosea, unaangusha zote mia nne na kumi na mbili."

Alikuwa sahihi. Simu ilikuwa na sauti kubwa, na Kiswahili Nanyorri anakijua.

"Usiniwekee mtoto," alisema.

Hakusema kwa hasira. Nikamwambia Mhandisi Ndelwa asubiri, nikakaa chini kwenye vumbi, nikaweka kompyuta mapajani. Jua lilikuwa limefika juu kabisa na skrini iling'aa hadi sikuona herufi hata moja. Nikaifunika kwa kiganja, nikainama, nikafuta nisichokusudia kufuta, nikakirudisha. Jasho liliingia machoni. Nilimwomba Mungu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu chuo.

Kikaja kivuli. Nanyorri alikuwa amesimama juu yangu, amefungua shuka yake kwa mikono miwili, ameitandaza kati yangu na jua.

"Andika," alisema.

Nikaandika. if majina is None. Kama jibu halipo kabisa, hapo ndipo urudishe. Orodha tupu ni jibu, ipokee. Nikaujaribu kwa nyumba tatu za kubuni: moja yenye majina, moja ya kimya, moja tupu. Nikaujaribu tena. Muda wote huo Nanyorri hakuishusha shuka. Kisha nikapitisha nyumba zote upya, na zilirudi kijani moja baada ya nyingine, polepole mno, hadi ya mwisho: watu wazima wawili, watoto, orodha tupu. Imekubaliwa.

"Nimeona," alisema Mhandisi Ndelwa kwenye simu. Ilikuwa imebaki dakika nne. Nilimsikia akivuta pumzi. "Nafunga. Na ile ripoti ya mwaka jana, nimeanza kuiandika upya. Jina langu litakuwa juu ya lako."

Akakata. Koko Naramat aliinuka bila kuuliza, akaelekea kwenye pango kutazama mitungi itapangwa wapi itakapoletwa.

Nanyorri alishusha shuka, akajitanda. Nilidhani ataondoka.

"Mwaka jana," alisema, "nyumba yangu uliiandikia wangapi?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Lakini orodha ya vifo na majina ya siku hizi mbili vilikuwa vimenionyesha: katika zile mia nne na kumi na mbili, nyumba yake ndiyo pekee ambayo mstari wangu uliipatia sawa. Hewa ya mwanawe ilikuwepo, kipimo kamili cha siku tisa. Waliivuta watoto wa majirani niliowanyima ya kwao.

"Mmoja," nikasema.

"Alikuwa mmoja," alisema Nanyorri.

Katika maisha yangu yote sijawahi kumsikia mwanamke wa uwanda ule akitaja idadi ya watoto wake. Koko, aliyekuwa ameshafika mbali, aligeuka kana kwamba ameitwa. Nanyorri hakutazama pembeni wala hakushusha sauti.

"Mimi sasa naweza kuhesabu," alisema. "Hakuna tena wa kuchukuliwa."